Soseji Ndani ya Sanduku la Ajenti Gillis

Taarifa hii ni ya siri ya daraja la juu kabisa. Isomwe na watu wawili tu, kisha ichomwe moto, na majivu yake yamwagwe katika bahari mbili tofauti. Imeandikwa na mchunguzi huru, asiye na upande, asiye na jina na asiye na woga.

Imeandikwa nyuma ya karatasi za mtihani wa kemia, kwa sababu mchunguzi amenyimwa karatasi nyingine.

Tuanze.

Jumatatu. Saa kumi jioni. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Ajenti Gillis alikuwa anakimbia.

Mbele yake, hatua thelathini hivi, mtu mnene mwenye koti jekundu alikuwa anaukata uwanja wa hoki wa shule ya bweni ya Aldershaw, amekumbatia kifurushi kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto.

"Simama!"

Hakusimama.

Gillis aliitupia jicho saa yake, Casio nyeusi isiyoingia maji. Dakika sita kabla ya kengele ya chakula. Akainama, akaiweka fimbo yake ya hoki juu ya barafu, akaisukuma kwa nguvu zote. Fimbo ikaenda inazunguka, inalia, inazunguka.

Ikampata yule mtu kwenye vifundo vya miguu.

Chini.

Kufumba na kufumbua buti la ajenti lilikuwa juu ya koti jekundu.

"Fungua kifurushi. Polepole. Mikono nione."

"Gillis, umerukwa na akili? Ukinivunja mguu nani ataimba sauti ya nne?"

"Huimbi kwa mguu, Thibodeau. Fungua."

Thibodeau, kiranja wa bweni la wavulana, mtu aliyewanyang'anya wenzake biskuti kwa miaka mitatu kwa jina la sheria, alifungua. Ndani kulikuwa na donati kumi na mbili za mgahawa wa Tim Hortons. Zote za sukari.

Ajenti akachukua moja, akaila akiwa amesimama, akiwa bado na buti juu ya kiranja.

"Si wewe," akasema.

"Si mimi nini?"

"Soseji."

"Wewe dada, hebu niangalie vizuri." Thibodeau alijiinua kwa viwiko, theluji imemjaa kwenye nyusi. "Mimi nipate soseji ya kilo nzima, halafu niifiche kwenye sanduku la mtu mwingine? Niifiche? Soseji?"

Gillis akatoa daftari, akalikata jina la kiranja. Watuhumiwa waliobaki walikuwa kumi na mmoja. Siku zilizobaki, mbili.

Wasomaji wawili wa taarifa hii wanaijua historia yote, lakini utaratibu ni utaratibu.

Kwaya ya Aldershaw ina waimbaji kumi na wawili na mmoja wa akiba. Ilialikwa kuimba Muscat, mji mkuu wa Oman, kwa siku kumi. Kwa miezi mitatu, kila Jumanne na Ijumaa, Madam Boudreau, aliyewahi kufundisha huko miaka minane, aliiandaa kama kikosi cha makomando. Wavulana, suruali ndefu, hata mkiiva. Wasichana, gauni lifike kwenye vifundo na mtandio usikose mkobani. Chakula kwa mkono wa kulia. Ukikaa chini, nyayo zako zisimwangalie mtu. Usimpe mama wa watu mkono mpaka autoe yeye. Usisifu sana zulia la mwenyeji, atakupa, na ndege haina nafasi. Pombe, hapana. Nyama ya nguruwe, hapana. Kubusiana uwanja wa ndege, hapana, hata kama mnalia.

"Mkikosea kwa kutojua, watawasamehe kabla hamjaomba," alikuwa akisema. "Mkikosea kwa kudharau, hata mimi sitawajua."

Jumapili baada ya chakula cha mchana, masanduku yalipangwa ukumbini, yote wazi. Mkuu wa shule, Bwana Crandall, alipita mwenyewe na tochi kubwa ya Maglite, ingawa taa zote zilikuwa zinawaka.

Sanduku la saba lilikuwa Samsonite ya buluu. Mali ya Catriona Gillis, sauti ya pili, mzaliwa wa Inverness, kisiwani Cape Breton.

Mkuu akainua gauni jeusi. Chini ya gauni, soksi ya sufu. Ndani ya soksi, kitu kirefu.

Akakitoa.

Ilikuwa soseji ya nguruwe. Ile nene, ya Lunenburg, yenye pilipili manga. Imefungwa utepe mwekundu, na kadi ndogo: *Kwa wenyeji wetu. Kitafunio.*

Ukumbi mzima ulicheka. Kwa sekunde mbili.

Mkuu hakucheka. Alitumia ile sauti yake ya kutangazia misiba.

"Anayewadharau wenyeji wake kabla hajafika," akasema, "hafiki."

"Mkuu, siyo yangu."

"Sanduku ni la nani?"

"Langu."

"Soksi?"

"Yangu, lakini..."

"Basi, Gillis."

Nafasi yake ikaenda kwa mwimbaji wa akiba, Rupert Zwicker, sauti ya tatu, kijana mpole mwenye nywele nzuri na sauti ya malaika. Taarifa hii itamtaja mara chache tu, kwa kuwa hahusiki.

Orodha ya mwisho ya majina ilitakiwa Muscat Jumatano, saa kumi na moja jioni ya kwetu. Baada ya hapo jina halibadiliki. Basi la kwenda uwanja wa ndege wa Halifax, Alhamisi asubuhi.

Sasa, kwa nini ajenti hakukubali tu kubaki, kama ambavyo mtu mwingine yeyote angebaki, akalala, akanenepa?

Kwa sababu ya Hector Gillis.

Hector Gillis ni fundi wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Alikwenda Oman miaka mitatu iliyopita kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kisha mapafu yake yakaharibika. Sasa amelazwa hospitali ya Muscat, na madaktari wamemkataza kupanda ndege. Binti yake, ajenti wetu, analelewa na bibi ambaye hajawahi kuvuka daraja la kutoka kisiwani ila kwa ajili ya meno. Ratiba ya kwaya ilikuwa na siku moja tu ya mapumziko. Jumamosi.

Hiyo Jumamosi ndiyo aliyokuwa nayo. Hakuwa na nyingine.

Jumatatu hiyohiyo, asubuhi baada ya chai, alikuwa amepiga simu ya ukutani, kwenye korido ya kufulia nguo. Mchunguzi alikuwa nyuma ya mashine ya kukaushia, kwa sababu za kitaalamu.

"Baba."

"Naam, mama. Umeshafunga sanduku?"

"Nimefunga."

"Gauni linafika chini?"

"Linafika."

Kikohozi. Kirefu. Ajenti aliangalia Casio mpaka kilipoisha. Sekunde ishirini na tisa.

"Jumamosi, basi," sauti ikasema.

"Jumamosi, baba."

Akakata. Akasimama na mkono juu ya simu kwa muda ambao mchunguzi hakuupima.

Jumanne ilikuwa siku ya vifaa.

Poda ya mtoto na brashi ya kupakia rangi mashavuni, kwa ajili ya alama za vidole kwenye utepe. Zikapatikana alama safi kabisa. Za Mkuu.

Taa ya mezani, kwa ajili ya mahojiano. Watuhumiwa tisa walihojiwa. Tisa walisema samahani. Wawili waliomba samahani kwa makosa mengine ya zamani, likiwemo dirisha la kanisa.

Redio mbili za Motorola, mali ya ofisi ya viranja, kwa hisani ya Thibodeau, ambaye alikuwa ameamua kwamba mtu aliyeona donati zake ni afadhali awe upande wake. Yeye akawa Kaa, ajenti akawa Bundi.

"Kaa, hapa Bundi. Unaona nini?"

"Bundi, hapa Kaa. Nipo bwenini. Namwona Zwicker anapanga sanduku."

"Anafanya nini kingine?"

"Anaimba."

"Anaimba nini?"

"Hata sijui. Vile anavyoimba huwezi kujua."

(Mchunguzi anapinga sehemu ya mwisho ya mawasiliano haya.)

"Bundi, niendelee?"

"Acha. Rudi."

Saa kumi na moja, ajenti alibisha mlango wa Mkuu.

"Una ushahidi?"

"Sina, Mkuu. Lakini..."

"Sasa tunazungumza nini?"

Mlango ukafungwa bila kelele. Milango ya ofisi ile ina mpira pembeni.

Akarudi chumbani, akaketi juu ya Samsonite ya buluu. Yalibaki masaa ishirini na manne, na hakuwa na alama ya kidole, shahidi wala jina. Akafanya kile ambacho mtu hufanya anaposhindwa. Akaanza kutoa nguo, moja moja, na kuzirudisha kabatini.

Gauni jeusi. Mtandio. Soksi.

Kisha barua ya baba yake, aliyokuwa ameitia ndani ya soksi ya pili ili isikunjike.

Akaishika. Akaiangalia. Akaigeuza.

Hector Gillis hukunja barua mara nne, mpaka inakuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Ilifika hivyo, na yeye akaitunza hivyo. Sasa ilikuwa imekunjwa mara tatu, pembe kwa pembe, mistari imenyooka.

Ni Aldershaw tu wanakofundisha mtu kukunja barua namna hiyo. Darasa la kwanza, wiki ya kwanza, kwa fimbo ya macho ya Bwana Crandall.

Aliyeingiza soseji alikuwa ameisoma.

Ajenti akaifungua, akapitia mistari ya ukurasa wa kwanza, na katikati akasimama. Baba yake alikuwa ameandika hivi:

*Watakumiminia kahawa kwenye finjani ndogo isiyo na mkono. Ukiirudisha hivihivi watajaza tena, watajaza mpaka Pasaka. Ukitosheka, itikise kidogo kwa mkono wa kulia, mara mbili tatu, ndipo uirudishe. Hapo wataelewa.*

Akasoma tena. Akavaa viatu.

Madam Boudreau alikuwa anasahihisha madaftari. Akaisoma barua akiwa amesimama, akavua miwani.

"Hili la kutikisa sijawafundisha," akasema.

"Najua, Madam. Ulisema somo la kahawa ni la mwisho."

"Kesho saa tisa."

"Ndiyo."

"Basi kesho sitafundisha kitu," alisema Madam Boudreau. "Wewe utamimina tu."

Jumatano. Saa tisa alasiri. Chumba cha muziki.

Zulia limetandikwa. Waimbaji kumi na wawili wamekaa chini kwa duara, nyayo zimefichwa vizuri. Harufu ya iliki mpaka darini. Ajenti Gillis akaingia na gauni jeusi na mtandio, dele la shaba la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, kama inavyotakiwa.

"Gillis anatuaga kwa kutuhudumia," alisema Madam. "Kunyweni. Msiseme sana."

Akamimina, wakanywa, wakarudisha.

Akamimina tena.

Inafaa kusemwa hapa kwamba watu wa jimbo letu la Nova Scotia wana ugonjwa mmoja. Mtu akikumiminia, unakunywa. Akikuongezea, unasema asante, samahani, unakunywa. Kumwambia mwenyeji imetosha ni sawa na kumpiga teke mbwa wake. Tumelelewa hivyo, tutazikwa hivyo.

Finjani ya nne. Ya tano.

Msichana mmoja wa sauti ya kwanza alianza kutokwa na machozi, taratibu, huku anatabasamu.

Finjani ya saba. Thibodeau goti lilikuwa linacheza lenyewe.

"Asante," alisema. "Samahani."

"Karibu," alisema Gillis, akamjazia ya nane.

Akafika kwa Rupert Zwicker. Kijana huyu mpole alikuwa ameshakunywa tatu. Alikuwa na sanduku la kumalizia na shati la kupiga pasi. Akamaliza ya nne, akaangalia dirishani, na mkono wake wa kulia ukaitikisa finjani.

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Akairudisha.

Dele halikuinama.

Chumba kizima kilisikia jinsi lilivyokuwa haliinami.

"Nani amekufundisha hivyo?" Gillis aliuliza. Hakupandisha sauti.

"Hivyo nini?"

"Hivyo ulivyofanya."

"Si ndivyo inavyofanywa? Kila mtu anajua."

"Mimi sijafundisha," alisema Madam Boudreau.

Thibodeau alimgeukia kila mtu kwa zamu, macho yamemtoka. "Ina maana," akasema, "kulikuwa na *namna ya kuacha?*"

Ajenti aliweka dele chini. Akatoa barua kifuani, imekunjwa mara tatu.

"Katika shule hii yote imeandikwa mahali pamoja tu. Ilikuwa ndani ya soksi. Pembeni ya soseji."

Zwicker akaruka.

Mlango ulikuwa hatua tano. Dirisha, nane. Ghorofa ya chini, theluji laini, ukuta mfupi. Mtu mwenye mafunzo angefika msituni kabla redio haijawashwa.

Lakini mtu mwenye mafunzo angejua kwamba ukikunja miguu dakika arobaini, mguu unalala. Zwicker alipiga hatua moja na nusu, akaanguka kifudifudi katikati ya zulia, nyayo zote mbili zimemwelekea kila mtu aliyekuwemo.

"Kaa, hapa Bundi," alisema Gillis, bila redio. "Mkalie."

Thibodeau akamkalia.

Saa kumi na dakika hamsini na mbili, Bwana Crandall alikuwa ameshika simu, anazungumza na karani wa zamu ya usiku kule Muscat.

"Jina la kumi na mbili. Ndiyo. Futa. Andika Gillis. Herufi moja moja, tafadhali, nisikie."

Alhamisi asubuhi theluji ilikuwa inaanguka. Basi lilikuwa linanguruma mbele ya ukumbi. Mhalifu Zwicker alikuwa amepewa koleo asafishe njia, kuanzia mlangoni mpaka kwenye ngazi za basi, na alikuwa anasafisha.

Ajenti akatoka. Gauni jeusi, koti refu, mtandio mkobani, Samsonite ya buluu.

Akasimama mbele yake.

"Gillis," alisema Zwicker. "Mimi nilikuwa nataka..."

"Umesimama njiani."

Zwicker akasogea. Ajenti akapita. Akapanda ngazi tatu, akakaa dirisha la upande wa pili, na hakugeuka hata mara moja. Basi likaondoka.

Njama imezimwa. Mwisho wa taarifa.

*

Mkuu amenirudishia karatasi hizi. Pembeni ameandika kwa wino mwekundu: *Zwicker. Mchunguzi huru ni nani? Na ile barua ilikuwa na kurasa mbili. Andika ya pili.*

Sawa.

Mchunguzi ni mimi. Mwimbaji wa akiba ni mimi. Sauti ya malaika ni ya mtu mwingine.

Soseji ilitoka kwa mjomba wangu, Lunenburg. Niliiweka Jumamosi, wakati wote wapo uwanjani. Nilichagua sanduku la Gillis kwa sababu lilikuwa karibu na mlango. Nilitaka tu watu wacheke, sikufikiria nafasi yake. Hiyo ni kweli siku ya Jumamosi. Jumapili saa nane mchana nafasi ilikuwa yangu, na nikakaa kimya. Jumatatu nikasikia kile kikohozi nikiwa nyuma ya mashine ya kukaushia, nikakaa kimya. Jumanne nikapanga sanduku langu, nikiimba.

Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba finjani niliitikisa makusudi, kwa sababu dhamiri ilinisumbua. Ingependeza sana hapo katikati. Si kweli. Nilikuwa nimechoka na kahawa.

Sasa ukurasa wa pili.

Nilikuwa natafuta soksi. Nilishika moja, ina karatasi ndani, nikaitoa, nikaisoma, kwa sababu mimi husoma vitu vya watu. Ukurasa wa kwanza ni nguo na kahawa na jua. Ukurasa wa pili baba yake anasema madaktari wameongea naye wazi, na kwamba yeye na binti yake wasipange mambo ya kiangazi. Anasema hataki maua wala zawadi. Halafu anasema maneno haya, na sikuyaandika popote, ninayakumbuka tu:

*Jumamosi tutakunywa kahawa, mimi na wewe. Ukitosheka, tikisa finjani yako mbele yangu, nione kama umejifunza. Mimi yangu sitaitikisa.*

Nilisoma hayo nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia la wasichana, soseji ikiwa chini ya kwapa.

Nikaikunja barua mara tatu, vizuri, kama tulivyofundishwa. Nikairudisha. Nikachukua soksi nyingine, nikaitia soseji, nikaifunika kwa gauni. Utepe nilikuwa nimeshaufunga. Kadi nilikuwa nimeshaiandika. Niliona ni hasara kuacha.

Hiyo ndiyo yote, Mkuu.

Leo ni Jumamosi. Nipo jikoni, nimebakiwa na masufuria sita ya kuosha. Hapa ni saa tano asubuhi, kule ni saa moja jioni, kwa hiyo muda wa kuwaona wagonjwa utakuwa unakaribia kuisha. Kuna meza ndogo, nadhani. Juu yake finjani mbili. Moja imeshatikiswa.

Nyingine wanaijaza tena.